Flashi ya DVR: pima unene kwanza

Mwezi uliopita dukani kwangu yalipotea majora mawili ya vitenge. Nimegundua siku ya tisa, wakati wa kuhesabu mali. Kamera za ulinzi zilikuwa zinarekodi kwenye DVR, kile kisanduku kinachohifadhi video zake. Askari akasema, "Dada, tuletee hiyo video kwenye flashi." Nikakimbilia Kariakoo, nikarudi na flashi ya GB 64, nene kama kidole gumba, Sh 25,000.

DVR yangu ina matundu mawili ya USB, yamebanana kama abiria wa daladala. Moja lina mausi. Flashi ikagoma kuingia pembeni yake. Nikichomoa mausi inaingia, ila sasa kitufe cha bakapu nikibonyeze kwa meno?

Hilo la unene hakuna anayekwambia. Wote wanasifia kasi, wakati matundu ya DVR nyingi ni USB 2.0, ya kizamani na ya polepole, kasi yote hiyo inaishia mlangoni.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni SanDisk Cruzer Blade ya GB 32, na sijifichi, naipenda. Unene wake ni milimita 7.4 tu, mausi haisumbuliwi. Usidharau GB 32: kamera inayorekodi kwa Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde) inakula kama GB 0.9 kwa saa, kamera nne kwa saa sita hazifiki GB 22. Tena flashi za ukubwa huo kwa kawaida huja na FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao DVR nyingi ndio zinauelewa. Za GB 64 kwenda juu mara nyingi huja na mpangilio mwingine, exFAT. Yangu, nilipoiunga kwa waya wa kurefusha, DVR ikadai haioni kitu.

Ya pili, Kingston DataTraveler Exodia ya GB 32. Imara, ila ina mwili. Ichukue kama matundu yako yameachana, moja mbele, moja nyuma. Ya tatu ni diski ya nje (hard disk), kwa mwenye video za wiki nzima, na tundu la DVR liwe na umeme wa kuizungusha.

Zile za "TB 2" za bei ya chipsi mayai, pita.

Ile nene nilirudi kuibadilisha. Muuzaji akasema, "Ikishafunguliwa hairudi, sista. Ungesema ni ya DVR." Kwani aliniuliza? Nikabishana naye siku mbili, na diski ya TB 1 iliyo ndani ya DVR yangu, kwa kamera nne, hujaa kwa siku 11 hivi, kisha inaanza kufuta za nyuma. Nilipopata Cruzer Blade, mwizi wangu alikuwa ameshafutwa.