Sahani kongwe za Kiingereza: gonga kabla hujapindua

Idi iliyopita nilipakulia wageni pilau kwenye sinia la pauni 46. Lilikuwa sinia la udongo, kazi ya kiwanda kimoja cha Staffordshire cha miaka ya 1950, jeupe pepepe, nakshi zake kama zimechorwa juzi. Jina la kiwanda nalistiri, na la muuzaji pia, ingawa yeye hastahili stara. Pilau ya moto ilipotua tu, meza nzima ikanuka jiki. Shemeji yangu, mtu wa adabu ambaye angetafuna kokoto akamsifu mpishi, aliweka kijiko chini akaniuliza kama nimetoka kuosha choo.

Kesho yake nikalipeleka sinia dirishani, nikalilaza upande mpaka mwanga ukalipita juu juu. Hapo ndipo nilipoona: uso mzima una nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Sinia lilikuwa limekunywa mafuta ya watu kwa zaidi ya miaka sitini. Muuzaji akalilowesha kwenye jiki likatakata, akalipiga picha, akaandika "hali nzuri kwa umri wake". Nami niliikodolea macho picha ya kitakoni, nikaona muhuri ni wenyewe, nikalipa.

Huo muhuri ndio unaotuponza sote. Sisi tunaoishi Uingereza na kuokota vyombo kwenye maduka ya hisani na magulio ya Jumapili, yale ya watu kuuza vitu nyuma ya magari yao, tumefundishana jambo moja: pindua sahani, soma maandishi. Muhuri utakwambia chombo ni cha nani. Kama ni kizima, hauna habari. Bibi yangu kule Pangani hakusoma muhuri wowote maishani mwake, lakini hakununua chungu kabla ya kukiweka kiganjani na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia, aliuliza bei. Kikisema "tup", alikirudisha, hata kama mfinyanzi ni jirani yake.

Basi kwanza huu utando, maana wauzaji wanauita "alama ya umri" kama vile ni mvi. Glezi, ile ngozi ya kioo inayofunika udongo, na udongo wenyewe havisinyai sawasawa chombo kinapopoa tanurini. Glezi ikisinyaa zaidi, inabaki imevutika kama ngozi ya ngoma. Miaka inapita, udongo wenye vitundu unanyonya unyevu, unavimba kidogo kidogo, na ngozi iliyokwisha kuvutika inakatika. Kuanzia hapo kila mchuzi una njia ya kuingia. Na jiki haitibu, inazika. Inabaki ndani ya udongo, chumvi zake zinaganda, na siku moja zinaisukuma glezi ibanduke vipande vipande. Mliokulia nyumba za pwani mnaijua kazi ya chumvi: rangi ya ukutani inavyovimba na kudondoka.

Kugonga nako kuna ufundi wake. Sahani iwe peke yake, si juu ya rundo. Iweke juu ya ncha za vidole vitatu, igonge ukingoni kwa kifundo. Buli livue mfuniko kwanza, maana mfuniko hutetema na kukudanganya. Usilinganishe udongo laini, ule wenye vitundu, na kauri, kila kimoja kina sauti yake. Linganisha sahani na nduguye wa seti hiyohiyo. Ikiwa tano zinalia na ya sita inakohoa, ya sita ina ufa, hata kama macho yako hayauoni. Ukishafika nyumbani, jaza maji ya moto, subiri dakika kumi, mwaga, nusa. Mimi siku hizi nikinunua mtandaoni namwomba muuzaji video ya kugonga, yenye sauti. Watatu wameshanifungia.

Kwa kigezo hicho kimoja nimepanga vyombo vya kununua. Ukitaka orodha ya rangi zinazoendana na mapazia, tafuta kwingine.

Ya kwanza, na kwa mbali: Denby

Sijifichi, nina upendeleo. Denby ni kiwanda cha Derbyshire kilichoanza 1809, na kazi yake kubwa ni udongo unaochomwa kwa moto mkali mpaka unakaribia kuwa jiwe. Udongo-jiwe haunyonyi kama udongo laini. Hata glezi ikipata ufa, mchuzi wako haupati pa kujificha.

Tafuta nakshi mbili za msanifu wao Gill Pemberton za mwanzoni mwa miaka ya 1960. Chevron ni ya kijani cha zeituni kilichofifia, ina mistari ya pembe pembe iliyokandamizwa kwenye udongo wenyewe, kwa hiyo hata ukifumba macho vidole vinaitambua. Arabesque ni ya kahawia nzito yenye mapambo mekundu na manjano yaliyochorwa kwa brashi. Wamarekani waliuziwa kwa jina la Samarkand, kwa hiyo ukikuta jina hilo usidhani umeokota kitu kingine. Mkono wa mchoraji unaonekana: weka vikombe viwili pamoja, hakuna ua linalofanana na jingine. Dele langu la Arabesque nililipata kwa pauni 18 kwa mzee aliyekuwa anauza vyombo vya marehemu dada yake. Nililigonga mbele yake. Akacheka, akasema dadaye naye alikuwa hivyohivyo.

Greenwheat ya Albert Colledge, ya 1956, ni nzuri pia, masuke ya ngano kwenye weupe wa maziwa. Ila vikombe vyake wengi wamevitumia sana, kagua ndani.

Kasoro za Denby? Ni nzito. Sahani sita zikiwa na wali zinataka mkono wa mpagazi. Na visu huacha michirizi ya kijivu kwenye glezi nyeupe, hiyo husuguliwa ikatoka. Pia usidanganywe na mwaka 1809 ukiuona kwenye muhuri: ni mwaka wa kiwanda, si wa sahani yako. Kuna dada aliniandikia kwa furaha kwamba ameokota kikombe cha enzi za Napoleon. Chini kimeandikwa kinafaa mashine ya kuoshea vyombo.

Ya pili: vyungu vya karakana, kama una subira

Hapa namaanisha wafinyanzi, si viwanda. Bernard Leach na Mjapani Hamada Shoji walijenga karakana yao St Ives, Cornwall, mwaka 1920. Wengi wanahangaikia herufi BL, kazi ya Leach mwenyewe, na bei zake si za mtu anayetafuta bakuli la uji. Mimi nawaelekeza kwenye vyombo vya kila siku vilivyofinyangwa na mafundi wa karakana hiyo: bakuli, magi, vyungu vya mfuniko, vyenye muhuri wa S na I zilizopishana uliokandamizwa karibu na kitako. Ni udongo-jiwe, vinakwenda jikoni.

Kwa pesa kidogo zaidi ya bei ya sahani za dukani utapata Winchcombe, karakana ya Gloucestershire iliyofufuliwa na Michael Cardew mwaka 1926 na kuendelezwa na Ray Finch. Muhuri wake ni W na P. Kazi za mwanzo za Cardew ni udongo laini wenye utando wa kutosha, hizo za kutazama. Nunua za udongo-jiwe za zama za Finch.

Huyu Cardew baadaye alikwenda Afrika Magharibi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, Nigeria (ile ya zamani, siku hizi Suleja, si mji mkuu), alikofanya kazi mfinyanzi Ladi Kwali. Huko ndiko alikopita Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, akiwa mwanafunzi wa Uingereza, akajifunza kwa wanawake wa Kigwari kupandisha chungu kwa mikono bila gurudumu. Vyungu vyake havina glezi kabisa, vimesuguliwa tu mpaka vikang'aa, na kimoja kimeshauzwa mnadani kwa zaidi ya pauni laki mbili. Sisemi utakiokota guliani. Nasema tu kwamba binti wa Kenya ameifikisha huko kazi ambayo bibi zetu waliuziwa kwa senti, nami nikipita mbele ya kabati la jumba la makumbusho najikuta nakunja kidole, halafu nakumbuka kuna mlinzi.

Tahadhari moja: muhuri unaigizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wafungwa wa gereza moja la Uingereza waliokuwa darasa la ufinyanzi walitengeneza "Leach" zao, na zikapita kwenye minada ya London mikononi mwa mabingwa. Kama mabingwa walipindua wakaridhika, mimi na wewe je?

Ya tatu: Hornsea

Ndugu wawili, Desmond na Colin Rawson, walianza mwaka 1949 katika mji wa Hornsea, Yorkshire ya Mashariki. Kiwanda kilifungwa 2000. Nakshi utakazokutana nazo kila gulio ni Heirloom ya 1967, Saffron ya 1970 na Bronte ya 1972. Makopo yao yenye vifuniko vya mbao ndiyo niliyotilia iliki na mdalasini wangu. Msigonge tu, nuseni mbao. Kifuniko kilichokaa na kahawa miaka arobaini kitakupa iliki yenye ladha ya kahawa mpaka kiama. Na angalieni ule mpira unaozunguka kifuniko: ukikauka kopo halifungi, sisimizi wanajua kabla yako.

Ya nne, kwa shingo upande: Midwinter

Kwa macho tu ningekiweka kiwanda hiki juu. Zambesi, nakshi ya Jessie Tait ya 1956, ni milia myeusi ya pundamilia iliyochorwa kwa mkono, na kila Mswahili anayeingia kwangu huiendea hiyo kwanza. Lakini ni udongo laini, na utando unaipenda. Weka ukutani. Usinipakulie mchuzi wa ukwaju humo, wala usilaze achari ya ndimu kwenye chombo chochote cha zamani chenye utando: glezi za kale nyingi zilitiwa madini ya risasi, na ukali wa ndimu huyatoa.

Za bei ya chini kabisa, zile za nakshi ya bluu iitwayo Willow, zipo kila duka la hisani. Chukua moja inayolia, weka sabuni.

Sasa najua mnachotaka kuniuliza, kwa sababu msomaji wa Maskati ameshaniuliza mara mbili: mbona sijataja maua ya mama? Kiwanda cha Royal Albert, Old Country Roses, nakshi ya Harold Holdcroft ya 1962, iliyomo katika makabati ya vioo ya mama zetu kutoka Mombasa hadi Muttrah na haishuki ila kwa posa. Haya. Ni kauri ya mifupa, na kwa kugonga inaishinda hata Denby. Inalia kama kengele. Nimekiri. Lakini ina ukingo wa dhahabu usiotaka maikrowevu. Mwaka 1962 kwenye muhuri ni wa nakshi, si wa kikombe. Zile zilizotoka baada ya kazi kuhamishiwa Indonesia mwanzoni mwa miaka ya 2000 mara nyingi hazina neno "England", na wauzaji wanazitoza bei ileile. Karibu nusu ya udongo wake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. Swali la halali mpelekee sheikh wako, si mimi.

Na hawa wauzaji! Zamani duka la hisani lilikuwa la hisani. Siku hizi sahani kabla haijafika rafuni imeshapigwa picha kwa simu, imetafutiwa bei ya juu kuliko zote mtandaoni, ikabandikwa hiyohiyo, pamoja na pengo lake. Wa mtandaoni wana lugha yao: "mtindo wa Leach" maana yake si Leach. "Inaonekana vizuri ikipangwa" maana yake usile humo. "Sina utaalamu, tazama picha" maana yake ameuona ufa. Halafu wanafunga buli la pauni arobaini kwa gazeti moja na sala. Mimi nikisafirisha vyombo kwenda Tanga kwa kontena huviringisha kila kimoja kwa kanga kuukuu, kanga mbili kwa buli, na havijawahi kufika vipande.

Hivi sasa nalimezea mate sinia la Chevron, pauni 22. Nimemwomba muuzaji video. Jana ameleta, sekunde nne, na televisheni inapiga kelele nyuma yake. Nimemwandikia aizime, agonge tena.