Kitabu cha C cha Kernighan na Ritchie: nunua toleo la pili

Nilikikuta Posta kwa muuza vitabu vya mtumba, kimefunikwa na rundo la vitabu vya uhasibu. Alianzia elfu ishirini, tukamalizana kwa elfu kumi na mbili. The C Programming Language, cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, kinachofundisha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Kurasa 228 tu! Vitabu vya programu nilivyozoea ni vinene kama tofali.

Nyumbani Mbagala nikaandika mfano wa kwanza, ule maarufu wa "hello, world", neno kwa neno. Kompaila, programu inayogeuza maandishi ya C yawe lugha ya mashine, ikagoma. Kumbe nimenunua toleo la kwanza, la 1978, na C imebadilika tangu hapo. Nikatafuta la pili, la 1988, lililofuata kiwango cha lugha kilichokuwa kikiandaliwa na ANSI, shirika la viwango la Marekani, na shida ikaisha.

Hasara hiyo ilinifanya nifuatilie historia. Ritchie aliiunda C mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu huko New Jersey, Marekani, akianzia kwenye B, lugha ya mwenzake Ken Thompson. B haikuwa na aina za data, yaani haikutofautisha herufi na namba, nayo kompyuta yao mpya, PDP-11, iliweza kushughulikia baiti moja moja, nafasi ya kutosha herufi moja. Aina kama char, ya herufi moja, zikaingia. Mwaka 1973 kiini cha Unix, mfumo wao wa kuendeshea kompyuta, kikaandikwa upya kwa C. Ukishajua hayo, hushangai tena kwa nini lugha hii iko karibu na mashine kiasi hiki.

Utamu wote, kwangu, uko sura ya 5. Wanaanza kunakili maneno kwa safu, yaani herufi zilizopangwa kwa namba za nafasi, herufi baada ya herufi, jambo ambalo yeyote analielewa. Wanarudia kwa vielekezi (pointers), yaani anwani za mahali herufi zilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, wanafupisha, wanafupisha tena, mpaka unabaki mstari huu, unaonakili kutoka t kwenda s:

while (*s++ = *t++)
    ;

Siku mbili sikuuelewa. Mwishowe nikachora visanduku kwenye daftari, D, a, r na sifuri ambayo C huiweka kuonyesha mwisho wa neno, nikasogeza kidole kimoja kimoja. Kinachonakiliwa ndicho hichohicho kinachoamua kama kazi iendelee. Kwa C sifuri maana yake ni "hapana", kwa hiyo ikishanakiliwa, kitanzi, yaani kurudia huko, kinasimama chenyewe. Nilifurahi mno, nikamwamsha mdogo wangu nimwoneshe.

Kama hujawahi kuandika programu hata moja, anza kwingine kwanza, maana hapa hubembelezwi. Mazoezi hayana majibu, nayo ndiyo yanayofundisha, kwa hiyo usiyaruke. Ukienda kununua, fungua kurasa za mwanzo uangalie mwaka kabla hujatoa hela.