Kukaa kutwa ama kusimama kutwa, gani noma zaidi?

Mimi nimefanya zote, kaunta ya duka huku Tom Mboya Street, Nairobi, miaka miwili na sai niko ofisi Upper Hill na laptopu. Kusimama inamaliza miguu: jioni nyayo zinawaka, magoti magumu, damu inatuama chini mishipa inavimba, halafu unasimama tena kwa laini ya matatu, aki. Lakini angalau maumivu unayaskia mapema, unabadilisha mguu, unaegemea.

Kukaa ndiyo mjanja. Huskii kitu miezi mingi, kichwa kimeinamia skrini, na kichwa cha mtu mzima ni kama kilo 5, misuli ya shingo ndiyo inashikilia hiyo yote, mabega yanakaza, kiuno kinapinda, siku moja unaokota kalamu tu na mgongo unagoma. Kwangu hii ni mbaya zaidi, ingawa ni rahisi kurekebisha: inua laptopu na vitabu skrini ifike macho, tafuta kibodi ya pembeni, viwiko nyuzi 90, inuka kila nusu saa hata kama ni kuendea chai.

Kwa kaunta itisha mkeka laini na kijistuli cha kupumzishia mguu mmoja. Bosi akinuna, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inamhusu.