Neti ya Meshi 50 kwa Bustani ya Nyumbani Mwanza: Tathmini ya Mtumiaji

Neti nyeupe ya kuzuia wadudu, ile inayouzwa kwa mita katika maduka ya pembejeo jijini Mwanza, imeniwezesha kuvuna nyanya, chainizi na figiri bila kupiga sumu kila wiki, na kwa sababu hiyo ninaipendekeza kwa kila mwenye matuta machache nyuma ya nyumba. Hata hivyo, kuna mambo ambayo muuzaji hakuniambia, na mnunuzi asiyeyajua anaweza kupoteza fedha yake.

La kwanza ni ukubwa wa matundu. Meshi 50 maana yake ni nyuzi 50 katika kila inchi moja. Nondo (vipepeo wa usiku) wa kantangaze, mdudu anayeharibu nyanya, na nondo wa kabichi huzuiliwa hata na neti yenye matundu makubwa kuliko hayo, lakini inzi weupe, ambaye urefu wake ni kama milimita moja tu na ndiye anayeeneza virusi vya kukunja majani ya nyanya, hupenya neti hafifu bila shida. Dukani nilikonunua, jora halikuwa na lebo yoyote, na muuzaji alisisitiza kwamba neti hiyo inazuia kila kitu. Nilichukua rula, nikaitandaza neti dhidi ya mwanga wa mlango na kuhesabu nyuzi za nusu inchi: zikifika 25, basi ni meshi 50. Jora la kwanza halikufika, la pili lilifika, na yote mawili yalikuwa yakiuzwa kwa bei moja.

Wakazi wengi wa kando ya ziwa, Igombe na Luchelele wakiwemo, huzungushia bustani zao nyavu chakavu za dagaa. Hizo hugharimu kidogo sana ukilinganisha na neti hii, tena huzuia kuku na ndege vizuri, ila nondo hupita. Chandarua cha kliniki nacho kibaki kitandani. Kazi yake ni kuzuia malaria.

La pili, ambalo naliona ni zito kuliko yote, ni hali ya udongo kabla ya kufunika. Kantangaze, aliyeripotiwa nchini mwaka 2014 akiwa na asili ya Amerika ya Kusini, ni msumbufu kwa sababu kiwavi wake huchimba njia ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo sumu nyingi hazimfikii, na amekwisha kujenga usugu dhidi ya viuatilifu kadhaa. Viwavi wakikomaa, wengi wao huanguka na kugeuka pupa, hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo, ndani ya udongo. Ukifunika tuta lililotoka kubeba nyanya zilizoshambuliwa, nondo wataibukia ndani ya neti na kutaga mayai papo hapo kwenye miche yako. Ng'oa masalia yote, yachome au yafukie mbali, lima, acha udongo upigwe na jua, kisha panda zao la jamii nyingine kama mchicha kabla ya kurudisha nyanya.

Kingo za neti hutakiwa kufukiwa. Kwa sisi tunaoishi vilimani, kwenye udongo usiozidi kina cha kiganja juu ya mwamba, hilo haliwezekani, kwa hiyo nimezipangia mawe mfululizo bila kuacha mwanya, na upepo wa ziwani wa alasiri haujawahi kuzifunua.

Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, bado huingia, hasa kiangazi, wakiletwa na miche au na mtu anayefungua neti ili apalilie. Jike lake huzaa bila dume, na kwa kuwa neti imewafungia nje wadudu rafiki, pamoja na wale mijusi wa mawe wa Mwanza wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu ambao hula wadudu wengi, idadi hupanda haraka. Hapo mimi hutumia mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na maji na sabuni ya maji kidogo, nikipulizia chini ya majani jioni, kwa maana jua huharibu nguvu ya dawa hiyo. Haiui papo hapo. Hupunguza ulaji na ukuaji wa wadudu, na matokeo huonekana baada ya siku kadhaa.

Pimbi ni habari nyingine. Wanaoishi jirani na miamba wanajua jinsi wanavyoparamia na kumaliza mboga, na neti hii nyembamba haiwazuii. Hao wanahitaji waya wa kuku, juu na pembeni.

Nyanya hujichavusha zenyewe, hivyo kutikisa vijiti vinavyoishikilia mimea kila asubuhi kunatosha. Matango, matikiti na maboga huhitaji nyuki: neti yake ifunguliwe mara maua yanapoanza kuchanua, la sivyo mimea itastawi na kurefuka bila kuzaa tunda.