Risasi za bastola kwa nchi ya dubu: naanza na .44 Magnum

Ukienda kuvua au kuwinda Alaska, kwanza nunua kopo la dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu. Ukitaka bastola juu yake, chagua risasi kabla ya chuma, kwa kuwa risasi ndiyo itakayoamua uzito utakaobeba na teke litakalopiga mkono wako.

Namba moja kwangu ni .44 Magnum. Elmer Keith, mfugaji wa Idaho aliyeandika sana juu ya silaha, alitumia miaka mingi akiongeza baruti kwenye .44 Special, risasi ya zamani yenye nguvu ndogo zaidi, na kuzisihi kampuni zitengeneze risasi rasmi yenye nguvu hiyo. Remington na Smith & Wesson walimsikia, na mwaka 1955 ikazaliwa .44 Magnum, pamoja na rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) iliyokuja kuitwa Model 29. Ganda lilirefushwa kama milimita 3 kwa makusudi, lisiingie kwenye rivolva za .44 Special zisizohimili presha yake. Kinyume chake kinawezekana, na hapo ndipo mnunuzi anafaidi: rivolva ya Magnum hufyatua .44 Special vizuri kabisa. Fanya mazoezi na Special mpaka mkono uzoee, kisha porini jaza Magnum. Kwa dubu, chukua kichwa kigumu cha risasi cha gramu 15.5 au zaidi. Kile cha kupanuka hakipenyi vya kutosha mnyama mwenye mifupa na misuli minene kiasi hicho.

Ya pili ni 10mm Auto, iliyotoka 1983 na bastola ya Bren Ten. Nguvu yake haifiki ya .44, lakini bastola ya Glock 20 hubeba risasi 15 kwenye magazini na teke lake linavumilika. Asiyependa rivolva aichukue bila wasiwasi.

.357 Magnum ya 1935 hufyatua pia .38 Special, kwa hiyo mazoezi ni nafuu. Nainunua kwa dubu mweusi, si kwa dubu wa kahawia.

.454 Casull ni ya mikono iliyozoea, na rivolva yake hukubali .45 Colt. .500 S&W Magnum ya 2003 naiweka mwisho: rivolva nyingi zake zina uzito wa karibu kilo 2, na mtu akifyatua mara moja, kulenga tena kunachelewa wakati dubu anakuja mbio.

Viwanja vingi vya kulengea shabaha Marekani hukodisha bastola. Kodi .44 na 10mm siku moja, fyatua risasi tano za haraka kwa kila moja, na ununue ile iliyoweka matundu karibukaribu.