Unataka deraya ya boksi kwa hela ndogo? Hiki nunua, hiki achana nacho

Wakuu, tangu nilipotinga na ile deraya ya askari wa anga za mbali kwenye bethidei ya mtoto wa dada, watu hawaishi kuniuliza nimeinunua wapi, na nikiwaambia ni boksi la mafuta ya kula wanadhani nawaficha mchongo. Basi naandika mara moja yaishe. Vifaa vyote nimevipanga kuanzia kinachofaa zaidi mpaka kile ambacho ningekuwa na akili siku ile nisingekigusa. Bei ni zile nilizozikuta mwenyewe Kariakoo, na ukienda na sura ya mgeni utapigwa, hilo unalijua. Seti nzima, yaani helmeti, kifua, mgongo, mabega, vigasha na miundi, haikufika elfu 45, na humo hela kubwa haikwenda kwenye boksi kabisa, ilikwenda kwenye gundi na rangi.

Tuanze na boksi lenyewe maana hapa ndipo wengi wanaharibu.

Namba moja, boksi la kawaida la tabaka moja, yale ya mafuta, sabuni, biskuti, unene wa milimita 3 hadi 4 hivi. Kwa wauza maboksi matupu nilichukua makubwa manne kwa buku moja moja, ila ukiwa na muda subiri jioni maduka yakifunga utayapata bure. Ukilichungulia kwa pembeni utaona karatasi mbili bapa na katikati karatasi ya mawimbi, hayo mawimbi yanatengeneza mifereji, na mifereji ndiyo kila kitu kwenye kazi hii. Boksi linajikunja vizuri likiviringwa kwa kufuata mifereji, ukilazimisha kulikunja upande mwingine linavunjika na kuweka kona mbaya ambayo hata rangi haifichi. Kwa hiyo kabla hujakata kigasha hakikisha mifereji inatoka kwenye kiwiko kwenda kiganjani, halafu livute taratibu kwenye ukingo wa meza mara kadhaa mpaka lenyewe likubali kuwa duara. Wakati wa kuchagua bonyeza na kidole gumba, kama panabonyea na hapainuki ujue mawimbi yameshakufa. Mikunjo pia angalia. Maandishi na picha za kuku wala usihangaike nazo, zitapakwa rangi.

Namba mbili ni manila pamoja na maboksi ya viatu. Haya hayana mawimbi, ni karatasi ngumu tu, kwa hiyo yanakunjika upande wowote unaotaka, na kwa helmeti sijaona kinachoyashinda. Mimi nilibandika tabaka tatu za manila kwa gundi ya mbao, moja juu ya nyingine, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata, na ikitoka hapo inagonga kama plastiki. Kama una kompyuta kuna programu ya Kijapani inaitwa Pepakura, inachukua umbo la 3D na kulikunjua liwe vipande bapa vya kuprinti na kukata, na mashabiki wa haya mambo duniani wanagawana mifano kibao. Ila pima kichwa chako kwanza kabla ya kuprinti, tena pima na masikio, usiulize najuaje.

Tatu ndio lile la friji au TV, la tabaka mbili, linakaribia milimita 7. Najua wengi mtashangaa nimeliweka huku maana kila mtu analikimbilia hilo kwanza, linaonekana gumu, linaonekana la kivita. Tatizo halikunjiki, linamaliza blade, na ukivaa kifua na mgongo wake utahisi umebeba mlango. Lifae kwa sahani bapa ya kifuani na bunduki basi. Kama umeshalipata na huna lingine, lowesha kidogo upande mmoja, ubandue ile karatasi ya juu, mawimbi yakibaki wazi litaanza kukunjika.

Nne, mikeka ya povu ya watoto, ile ya vipande vya kuchomekana. Sio boksi lakini lazima mtu atanitajia tu. Ni kweli ni nzuri, ukiipasha moto inashika umbo, na maji haiogopi, kwa hiyo anayetaka kuvaa mara nyingi au anayejiandaa kwenda NAICCON, lile tamasha la katuni la Nairobi, akakae nayo kutwa nzima mimi nitamwambia anunue. Lakini kwa mara ya kwanza hapana. Ukikata vibaya kipande cha povu roho inauma, ukikata vibaya boksi la biskuti unachukua lingine.

Mkiani kabisa kuna yale maboksi ya matunda yaliyopakwa nta. Ni imara kinoma na ndio maana yanatamanisha, ila gundi haishiki na rangi haishiki. Dondosha tone la maji, likibingirika kama kwenye jani la mgomba, liache hapo hapo.

Sasa gundi, na hapa nilijifunza kwa kulia. Deraya yangu ya kwanza niliiunga yote kwa glugani, ile bastola ya umeme inayoyeyusha vijiti vya gundi, inashika ndani ya sekunde chache, raha tupu, nikaiweka kwenye gari la shemeji tukaingia kula. Januari, Dar, jua la saa nane. Tumerudi nakuta mabega yamelala sakafuni na helmeti imefunguka kama ndizi, maana ile gundi ni plastiki iliyoyeyushwa tu, joto la ndani ya gari likipanda nayo inakumbuka ilikotoka. Kwa hiyo kwangu namba moja ni gundi ya mbao, ile nyeupe ya mafundi seremala, kopo la nusu kilo linatosha seti nzima na chenji inabaki. Inachelewa kukauka, kweli, lakini ikishika karatasi inachanika yenyewe kabla gundi haijaachia. Glugani ni namba mbili, iwe ya kushikiza vidoti wakati gundi ya mbao inajipanga. Ndogo ya wati 20 inatumia vijiti vya milimita 7, inatosha kwa kazi hii, ile kubwa inakula vijiti vya milimita 11 na huihitaji. Hakikisha unanunua vijiti vya saizi yake, mimi nimeshawahi kurudi Mbagala na vya kubwa. Gundi ya viatu namba tatu, nzuri kwa mikanda na lastiki, ila fungua madirisha. Supa glu achana nayo, boksi linainywa yote, na ikimwagikia nguo ya pamba inapata moto wa kuunguza ngozi.

Kitu ambacho hakiuzwi kama kifaa cha deraya lakini ndicho kinachofanya watu wasiseme "aah kumbe boksi" ni kuziba kingo. Mtu akiona yale mawimbi pembeni mchezo umeisha. Chana karatasi za daftari vipande vyembamba, au masking tepu, funika kingo zote, halafu changanya gundi ya mbao na rangi ya maji nyeupe, nusu kwa nusu, paka nyembamba. Nyembamba nimesema. Ukimwaga kwa wingi boksi linalowa na kupinda, na paka nje na ndani, la sivyo upande mmoja utavuta. Ikikauka piga msasa namba 220 na rudia mara mbili tatu. Rangi ya maji usinunue kopo, kamwombe fundi rangi yeyote mtaani mabaki, robo kikombe tu. Hii pia ndiyo kinga yako dhidi ya jasho na unyevu, maana boksi tupu wakati wa masika linalegea kama chapati ya jana.

Rangi ya juu: spray nyeusi moja na ya silva moja, mimi nilipata kwa elfu sita sita. Nyeusi kwanza kote. Silva usipulizie kama unapaka geti, pulizia kidogo kwenye kifuniko, chovya sponji, futia kwenye karatasi mpaka ibaki kidogo sana, halafu gusa kingo na kona tu. Hapo inaonekana chuma kilichopigana vita. Zile spray za kung'aa kama kioo msinunue, juu ya boksi zinatoa kijivu cha kawaida na zinaonyesha kila bonde. Kama bajeti imebana sana, rangi ya mafuta ya robo lita na tina kidogo inafunika eneo kubwa kuliko spray, ila inakauka siku nzima na itanuka chumba kizima.

Kisu usibane hela. Kile cha kusukuma chenye blade pana ya milimita 18, na pakiti ya blade za akiba, buku mbili tatu. Blade butu haikati boksi, inalichana, halafu unasukuma kwa nguvu na ndio inakuja kidoleni. Vunja ncha mara kwa mara.

Lastiki kwa mafundi cherehani, vifungio toa kwenye begi kuukuu. Kioo cha helmeti waombe wanaoweka tinti za magari vipande wanavyotupa, bandika kwenye plastiki ya faili. Na toboa matundu chini ya kidevu kabla ya kupaka rangi, mimi nilisahau, kioo kikajaa mvuke dakika ya tano na keki ya bethidei niliilisha bega la mtoto wa jirani.