Faili za MAME: kugawana au kujitegemea?

Katika MAME, programu ya kuchezea michezo ya zamani ya mashine za kumbi kwenye kompyuta, Puck Man ya Japani (1980) ni mzazi, yaani toleo kuu, na Pac-Man iliyouzwa Marekani ni mtoto wake, yaani toleo jingine la mchezo huohuo. Ukipanga kwa kugawana, pacman.zip hubeba faili zinazotofautiana tu. Nyingine husomwa kutoka puckman.zip. Diski inapumua. Lakini ukimfuta mzazi, mtoto hafunguki. Michezo ya mashine za Neo Geo nayo hukwama bila neogeo.zip, yenye programu ya msingi ya mashine hizo, na hapa ndipo wengi hudhani faili zao zimeharibika.

Kwa kujitegemea, kila zipu ina faili zote za mchezo wake. Nafasi inaliwa zaidi, ila unanakili mchezo mmoja kwenye simu na kucheza. Kwa michezo kumi au ishirini, nachagua mpango huu bila kusita. Anayehifadhi mkusanyo mzima agawanye.